Shajara ya mradi: maamuzi ya shamba la mahindi Iowa, kuanzia Mei hadi Julai

Mwisho wa Aprili: kusudi la kumbukumbu hizi

Shamba ninalolifanyia kazi liko kaskazini ya mji wa Ames, katikati ya jimbo la Iowa, mahali ambapo ardhi ni tambarare kiasi kwamba mgeni hudhani kila eka ni sawa na nyingine. Haziko sawa hata kidogo. Barafu iliyoifunika sehemu hii ya jimbo zaidi ya miaka 12,000 iliyopita iliyeyuka na kuacha vibonde vingi visivyo na njia ya kutolea maji, na wakulima waliokuja baadaye wakalazimika kufukia mabomba ya udongo wa kuchoma, na katika miaka ya karibuni ya plastiki, ili maji yafike kwenye mitaro na mito. Pale ambapo mabomba ni machache au yamezeeka, mvua ya usiku mmoja hugeuza kipande cha shamba kuwa kidimbwi. Sisi tuna vipande vitatu: shamba la juu lenye eka 45 za mahindi, bonde lenye eka 30 za mahindi, na eka 40 za soya kando ya barabara.

Mradi wenyewe ni mdogo, na ni mimi niliyemwomba mzee mwenye shamba ruhusa ya kuufanya. Kila uamuzi unaotokana na hali ya hewa, tangu kupanda hadi mahindi yatakapokaribia kutoa mbelewele, utaandikwa siku ileile unapofanywa, pamoja na kipimo kilichotufanya tuamue hivyo na matokeo tunayoyatarajia. Nimesisitiza kuandika mapema kwa sababu mkulima akishayaona mavuno huanza kukumbuka vibaya: uamuzi ulioleta hasara huonekana wa kijinga na uliobahatika huonekana wa busara, hata kama yote mawili yalifanywa kwa kubahatisha. Nataka tuweze kuupima uamuzi kwa yale yaliyojulikana siku hiyo.

Neno kiangazi linahitaji maelezo kabla sijaendelea. Nimekulia Njombe, na kwa mtu wa kwetu kiangazi ni ukavu na vumbi, miezi ambayo mahindi yanakaukia shambani au yamekwisha kuingia ghalani. Hapa kiangazi ni msimu wa joto, na mwanzo wake ndio wakati wa mvua nyingi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, kwani katika sehemu kubwa ya Iowa miezi ya Mei na Juni ndiyo inayoongoza kwa mvua. Kwa hiyo msomaji wa Afrika Mashariki akikutana na maneno "mwanzo wa kiangazi" katika kurasa hizi, afikirie masika yenye siku ndefu mno, inayoanza na usiku wa baridi kali na kuishia katika joto la kukausha majani.

Miaka miwili ndiyo iliyonifanya niutake mradi huu, nayo ni 2012 na 2019. Mwaka 2012 majira ya kuchipua yalikuwa makavu na yenye joto, wakulima wa Marekani wakapanda mapema kuliko kawaida, na kufikia tarehe 20 Mei asilimia 96 ya mahindi ya nchi ilikuwa imekwisha kupandwa. Wizara ya Kilimo ilitarajia busheli 166 kwa eka (busheli ni kipimo cha nafaka cha Marekani, kwa mahindi karibu kilo 25). Kisha Juni na Julai zikaja bila mvua, na wastani wa nchi ukashuka hadi busheli 123. Mwaka 2019 mambo yalikwenda kinyume: mvua haikukatika, na mwanzoni mwa Juni asilimia 67 tu ya mahindi ilikuwa ardhini wakati kawaida ni 96, zaidi ya eka milioni 19 za mazao mbalimbali hazikupandwa kabisa. Hata hivyo, kwa yale mahindi yaliyopandwa, wastani ulizidi busheli 167. Mtu aliyepanda mapema alivuna kidogo na aliyechelewa akavuna zaidi, jambo linalopingana na kila tunachofundishwa kuhusu kuwahi. Jumla ya mvua ya msimu haitoshi kulieleza jambo hili. Lazima kutazama mvua na joto vilikuja kwa mpangilio gani, na vilikuta mizizi ikiwa wapi.

Wiki ya kwanza ya Mei: shamba la juu

Kipimajoto cha udongo kinasomwa kila siku saa 1 asubuhi, kwa kina cha sentimita 10. Siku tatu zilizopita kilionyesha nyuzi 8, kisha 9, kisha 11 za Selsiasi. Kanuni inayofuatwa hapa ni kungoja nyuzi 10 pamoja na utabiri unaoonyesha kwamba joto litazidi kupanda, na nusu ya pili ya kanuni hiyo ina uzito kuliko watu wengi wanavyoipa. Mbegu ya mahindi hunywa maji mengi katika saa 48 za kwanza. Maji hayo yakiwa baridi sana, utando wa seli zake huharibika, na mche hujikunja chini ya ardhi kama nywele za kipilipili au hautoki kabisa. Siku ya kupanda inaweza kuwa nzuri na mbegu ikafa kwa mvua ya baridi ya kesho yake.

Leo udongo ulikuwa tayari kwa kipimo, lakini utabiri ulitaja mvua ya baridi usiku wa kesho. Tumeamua kungoja. Mzee hakufurahi, kwa sababu majirani wawili walikuwa tayari shambani, na sauti ya trekta la jirani humsumbua mkulima kuliko utabiri wowote.

Nyongeza, siku tatu baadaye: mvua ilinyesha milimita 14, udongo ukashuka hadi nyuzi 8, ukarudi 12. Tumelipanda shamba lote la juu kwa siku mbili, mbegu ya siku 108, kina cha sentimita 5. Matarajio yetu ni kuota baada ya siku 12 hadi 15. Hesabu yake ni hii: huchukuliwa joto la juu la siku (lisihesabiwe zaidi ya nyuzi 30) na la chini (lisihesabiwe pungufu ya 10), yakajumlishwa, yakagawanywa kwa mbili, kisha ikatolewa 10. Mahindi huhitaji takriban nyuzi 65 za namna hiyo kabla ya kuchomoza, na kwa siku hizi tunapata tano hivi kila siku. Nimeipenda hesabu hii tangu nilipofundishwa, kwa sababu inamwondoa mkulima kwenye kalenda na kumrudisha kwenye joto ambalo mmea wenyewe unalihesabu.

Wiki ya pili ya Mei: jalidi

Usiku mmoja kipimajoto cha nje kilishuka hadi nyuzi 1 chini ya sifuri. Mahindi yetu hayajachomoza, na soya haijapandwa, hivyo hakuna kilichodhurika. Nimeandika tu kwa ajili ya tofauti iliyopo kati ya mazao haya mawili. Kitovu cha ukuaji cha mahindi hubaki chini ya ardhi hadi mmea unapofikisha majani kama sita, hivyo jalidi inaweza kuyachoma majani yote na mmea ukatoa mengine. Soya hukibeba kitovu chake juu ya ardhi tangu siku ya kuchomoza, na jalidi ikikiua chini ya yale majani mawili ya mbegu, mche umekwisha. Uamuzi wa wiki ni soya ingoje.

Katikati ya Mei: bonde, na uamuzi niliouomba mimi

Tarehe 13 bonde lilikuwa na siku tatu bila mvua. Uso wa udongo ulikuwa umebadilika rangi kutoka weusi wa maji hadi kijivu, na upepo ulikuwa ukivuma vizuri. Utabiri wa siku saba ulionyesha kati ya milimita 60 na 100. Hiyo ilimaanisha kwamba tusipopanda tarehe 14, tungeweza kufika mwisho wa Mei tukiwa na eka 30 tupu.

Nilichukua udongo wa kina cha sentimita 5 nikaufinya mkononi, kisha nikausukuma kwa kidole gumba. Ulijivuta ukawa utepe wa urefu wa kidole bila kukatika. Kila mtaalamu wa udongo angesema: usiingize trekta. Niliandika kipimo hicho, na chini yake nikaandika ushauri wangu kwa mzee: tupande.

Sababu zangu, kama nilivyoziandika siku hiyo, zilikuwa tatu. Ya kwanza ni bima: katika Iowa tarehe ya mwisho ya kupanda mahindi kwa kinga kamili ni 31 Mei, na baada ya hapo kinga hupungua kwa asilimia 1 kila siku kwa siku 20. Ya pili ni mwaka 2019, ambao mzee huutaja karibu kila jioni. Ya tatu, ambayo sasa naiona ndiyo iliyokuwa na nguvu, ni kwamba nilikuwa nimekwisha kumfanya angoje mara moja na sikutaka kumfanya angoje tena. Matarajio yaliyoandikwa: "Mbegu itaota vizuri kwa sababu unyevu upo na joto la udongo ni nyuzi 16. Mizizi inaweza kupata shida kidogo."

Sahani za mashine ya kupandia hukata mfereji wenye umbo la herufi V. Katika udongo uliokauka vya kutosha kuta za mfereji huo hubomoka na kuifunika mbegu. Katika udongo mbichi sahani huzipaka kuta kama mfinyanzi anavyopaka chungu, nazo zikikauka huwa ngumu. Nilitembea nyuma ya mashine nikaona kuta zinang'aa. Niliona, nikaandika "kuta zinang'aa", nikaendelea kutembea.

Soya imepandwa siku mbili baadaye kando ya barabara, kwenye udongo wa kichanga kidogo unaokauka haraka. Hapo sina la kueleza zaidi.

Wiki ya mwisho ya Mei: maji

Shamba la juu lilichomoza siku ya 13. Bonde lilichomoza siku ya 8, kwa usawa mzuri, na mzee akanipigia simu kunishukuru. Siku moja baada ya simu hiyo mvua ilianza.

Siku nne zimeleta milimita 97 kwenye kipima mvua chetu, na kuifanya jumla ya Mei kuwa milimita 148. Bonde lina vidimbwi vitano. Oksijeni katika udongo uliojaa maji huisha ndani ya siku mbili hivi, na mahindi machanga yaliyozama huweza kuvumilia siku mbili hadi nne, zikipungua jinsi hewa inavyopata joto, kwa sababu mmea wenye joto hupumua haraka zaidi. Mwanzoni mwa mvua hewa ilikuwa nyuzi 17, jambo lililotusaidia. Siku ya mwisho ilifika 26.

Hakuna uamuzi wa kufanya leo isipokuwa kutokwenda shambani. Huo nao ni uamuzi, na ni mgumu kwa mtu aliyezoea kwamba kutatua tatizo ni kuinuka na kufanya kitu. Ushauri unaotolewa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa ni kungoja siku tatu hadi tano baada ya maji kuondoka ndipo kuhesabu miche, kwa kuwa mche unaoonekana mzima siku ya kwanza unaweza kuoza, na ulioonekana mfu unaweza kutoa jani jipya.

Siku za kwanza za Juni: kuhesabu na kurudishia

Kwa nafasi ya sentimita 76 kati ya mistari, mita 5.3 za mstari mmoja ni sehemu moja ya elfu ya eka, hivyo kila mche unaohesabiwa humaanisha miche 1,000 kwa eka. Tulipanda mbegu 34,000. Shamba la juu linatoa wastani wa 32. Bonde nje ya vidimbwi linatoa 29. Vidimbwi vitatu vidogo vinatoa kati ya 20 na 24, na viwili vikubwa, vyenye eka 2.5 kwa pamoja, vinatoa kati ya 4 na 9.

Jambo la kwanza tulilokubaliana ni kwamba vidimbwi vidogo visiguswe. Mahindi yakipungua shambani, kila mmea hupata mwanga na chakula zaidi na kutoa gunzi kubwa zaidi, hivyo kupoteza theluthi ya miche hakumaanishi kupoteza theluthi ya mavuno, na mbegu mpya ya Juni ingeanza safari ikiwa wiki tatu nyuma.

Vidimbwi vikubwa vilihitaji kurudishiwa mbegu. Mzee alipendekeza soya, ambayo kwa tarehe hii ingekuwa chaguo zuri kuliko mahindi. Lakini mara tu baada ya kupanda tulikuwa tumepiga atrazini kuzuia magugu, na hairuhusiwi kupanda soya katika msimu uleule ambao dawa hiyo imetumika, kwa sababu mabaki yake huiua. Ndivyo uamuzi wa dakika chache wa katikati ya Mei ulivyofunga mlango tuliouhitaji Juni. Nimeandika pembeni kwamba mwakani, katika sehemu zinazojulikana kutuama maji, dawa ichaguliwe kwa kufikiria zao la pili linaloweza kupandwa hapo.

Tumechagua mahindi ya siku 95. Mbegu ya siku 108 ikipandwa sasa ingeweza kukutwa na jalidi ya kwanza ya majira ya kupukutika majani kabla ya kukomaa. Ya siku 95 ina nafasi nzuri ya kumaliza mwezi Septemba. Sharti moja nililoliweka, na mzee akalikubali bila swali, ni kwamba udongo upimwe kwa mkono kila asubuhi na mashine isiingie hadi donge livunjike. Ilichukua siku tano, nasi tukapanda tarehe 4 Juni.

Wiki ya pili ya Juni: mbolea ya kukuzia

Hii ndiyo sehemu ya mradi niliyoingoja kuliko zote. Mbolea ya naitrojeni hatukuiweka kabla ya kupanda, isipokuwa kiasi kidogo cha mbolea ya kupandia, kwa nia ya kupima kwanza udongo wakati mahindi yana kimo cha sentimita 15 hadi 30. Kipimo hicho cha naitreti, yaani naitrojeni katika umbo ambalo mizizi hulinyonya, kilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, na utaratibu wake ni rahisi: huchukuliwa udongo wa kina cha sentimita 30 kutoka sehemu 24, ukachanganywa, ukapelekwa maabara. Matokeo yakiwa sehemu 25 kwa milioni au zaidi, mahindi hayahitaji nyongeza. Yakiwa pungufu, tofauti huzidishwa kwa 8 ili kupata ratili za naitrojeni kwa eka.

Matokeo: shamba la juu 21, bonde 11.

Mwongozo una nyongeza inayohusu hali kama yetu. Mvua ya Mei ikizidi milimita 125 hivi, kikomo cha 25 hushushwa hadi 20 au 22, kwa kuwa sehemu ya naitreti imesukumwa na maji chini ya sentimita 30 na kipimo hakiioni, lakini bado ipo, na mizizi itaifikia baadaye. Kwa kikomo cha 22 shamba la juu linahitaji ratili 8 tu, kiasi kisichostahili hata mafuta ya trekta. Tumeliacha kama lilivyo.

Kwa bonde, kikomo cha 22 kinatoa ratili 88, sawa na kilo 40 kwa eka, na kikomo cha 25 kinatoa ratili 112, sawa na kilo 51. Nimekaa na namba hizi jioni mbili. Punguzo linasimama juu ya dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba naitreti imeshuka chini lakini haijapotea. Katika bonde udongo ulijaa maji kwa siku kadhaa ukiwa na joto la nyuzi 18 na zaidi, na katika hali hiyo bakteria huigeuza naitreti kuwa gesi, ikapotea kwa kiwango cha takriban asilimia 4 hadi 5 kwa kila siku ya kujaa maji; iliyokwenda hewani haiwezi kufuatwa na mzizi wowote. Dhana ya pili ni kwamba mizizi itashuka kuifuata ile iliyobaki. Hapo nilikumbuka maneno "kuta zinang'aa".

Nilichukua sepetu nikachimba mimea sita bondeni. Katika minne, mizizi ilikuwa imebanwa ndani ya mfereji wa mashine, ikienda mbele na nyuma kwenye mstari, bapa kama feni ya mkono iliyokunjuliwa. Shamba la juu, mimea sita pia, mizizi ilikuwa imetawanyika pande zote.

Nimempeleka mzee shambani na kumwonyesha. Nimemwambia kwamba ushauri wa tarehe 14 ulikuwa wangu, na kwamba kipimo cha mkono kilikuwa kimenikataza. Alinyamaza kidogo, akasema kwamba yeye ndiye aliyeendesha trekta. Tumeweka kilo 51 kwa eka katika bonde lote isipokuwa eka 2.5 za kurudishia, ambazo zitapimwa zikifikia kimo. Matarajio yaliyoandikwa: rangi ya bonde itarudi ndani ya siku 10, lakini udhaifu wa mizizi utajionyesha siku ya kwanza ukavu utakapoanza.

Wiki ya tatu ya Juni: upepo

Kupiga dawa ya magugu kwenye soya kumeahirishwa mara tatu, mara mbili kwa upepo mkali na mara moja kwa utulivu wa jioni, ambao ni hatari vilevile, kwani hewa ya baridi hulala chini na matone madogo yakaelea hadi kwenye bustani ya mtu. Tumepiga asubuhi ya nne.

Mvua ya mwisho ilikuwa tarehe 12.

Wiki ya nne ya Juni: ukavu, na bustani ya Des Moines

Siku 11 bila mvua, joto la mchana nyuzi 31 hadi 34. Wengi hapa wameanza kuitazama ramani ya ukame inayotolewa kila Alhamisi, na eneo letu limepakwa rangi ya njano, daraja la kwanza kabisa, linalomaanisha ukavu ambao bado haujawa ukame.

Binafsi sijaingiwa na hofu kwa shamba la juu. Udongo mzuri wa Iowa unaweza kuhifadhi takriban milimita 250 za maji yanayofikiwa na mimea katika mita moja na nusu ya kwanza, na baada ya Mei ya mwaka huu ghala hilo lilijaa. Mahindi ya kimo hiki hayajafikia matumizi yake makubwa, ambayo huja wakati wa mbelewele na ndevu katikati ya Julai na kufikia milimita 6 hadi 8 kwa siku. Juni yenye ukavu wa wastani huifundisha mizizi kushuka. Hofu yangu ni kwa mimea ambayo maji yako chini yake nayo haiwezi kuyafikia.

Jumapili nilikwenda Des Moines kumtembelea mama mmoja kutoka Uvira, ambaye ana kipande cha bustani kwenye shamba la pamoja la wahamiaji na hupanda lengalenga, maharage na mahindi meupe ya kuchoma. Waswahili wa Kongo, Burundi na Tanzania wamekuwa wengi katika miji ya Iowa, na kila mwaka wanajifunza upya wakati wa kupanda, kwa kuwa ujuzi waliokuja nao ulingojea mvua, na hapa kinachongojewa ni joto na kukauka kwa udongo. Nilimwuliza anaamuaje siku. Aliinama, akachukua udongo, akaufinya, akauachia uanguke kutoka usawa wa kiuno, na ulipopasuka akaniambia, "Hivi, mwanangu, unapanda. Ikibaki donge unarudi nyumbani kupika." Alisema alifundishwa na mama yake, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa udongo wa bondeni.

Nimempa kipimajoto cha udongo cha akiba. Alikipokea kwa furaha, akauliza kama kinaweza kupima na unyevu. Hakiwezi.

Wiki ya kwanza ya Julai: bonde na shamba la juu

Mvua moja tu tangu kumbukumbu iliyopita, milimita 9, yaani kiasi cha kulowesha vumbi.

Majani ya mahindi yakikosa maji hujikunja kama mkeka ili kupunguza uso unaopigwa na jua. Kwa siku tano nimepita mashambani kila saa na kuandika saa ya kuanza kujikunja. Shamba la juu huanza saa 8 mchana na kufunguka kabla ya jua kuzama. Bonde huanza saa 4 asubuhi, na siku mbili zilizopita baadhi ya mistari haikufunguka hadi usiku. Rangi ilirudi kama tulivyotarajia, mbolea ilifanya kazi yake, lakini mmea wa kijani usio na maji hauna faida na ukijani wake. Hili ndilo nililoliandika tarehe 14 Mei kwa maneno "shida kidogo", na ninaliacha neno "kidogo" lisimame kama lilivyo kwenye ukurasa ule.

Jana nimechimba tena, safari hii katika sehemu tatu. Shamba la juu: mizizi imepita sentimita 90, na mwisho wake sikuufikia kwa sepetu. Bonde la Mei: mizizi mingi bado iko katika sentimita 20 za juu, mmoja mmoja umepenya kwenye nyufa zilizofunguliwa na ukavu, na katika nyufa hizo udongo wa sentimita 35 ulikuwa na unyevu wa kutosha kushikana mkononi. Eka 2.5 za tarehe 4 Juni, zilizokuwa kidimbwi na ambazo mahindi yake yananifika gotini tu: mizizi imeshuka wima sentimita 40 katika udongo uleule wa bonde, na majani hayajajikunja hata siku moja. Ulinganisho huu una kasoro ambayo lazima niiandike, kwamba mmea mdogo hutumia maji kidogo na hivyo majani yake hayawezi kuwa shahidi wa haki. Mizizi yake inaweza.

Nimepiga vigingi vinne kuzizunguka eka hizo na kumwomba mzee zivunwe na kupimwa uzito peke yake, na mistari sita ya Mei iliyo jirani nazo ipimwe peke yake pia. Amekubali. Utabiri wa leo unataja uwezekano wa mvua usiku wa kesho, milimita 10 hadi 20, na kipima mvua nimekisafisha.